Mke wangu anadhani niko ovataimu, kumbe niko gereji

Shikamoo Mjomba,

Nina miaka 38, nina mke na watoto watatu. Wa kwanza yuko sekondari, wa mwisho ndiyo kwanza anajifunza kusoma. Kwa miaka 11 nimekuwa mtunza stoo katika ghala la vifaa vya ujenzi. Mshahara ni mdogo lakini hauchelewi, na ndio unaolipa kodi ya nyumba na karo. Mke wangu anashona nguo nyumbani. Mwezi ukiwa mzuri anabeba theluthi ya matumizi, ukiwa mbaya habebi chochote.

Mwaka jana kazini walileta programu mpya ya kuhesabu mali, na wenzangu wawili wakapunguzwa. Mimi sijaambiwa neno, ila naona upepo unakovuma. Tena nikisema ukweli, kazi yenyewe imenitoka moyoni. Tangu nikiwa mtoto, kitu pekee kinachonisahaulisha saa ni gari lililofunguliwa boneti.

Miezi minne iliyopita nilimwomba fundi mmoja aniruhusu kushinda gerejini kwake kila Jumamosi. Alinipa kazi ya kuosha vipuri na kushika tochi. Nimeshika tochi mpaka mkono ukafa ganzi, na sijachoka.

Kuna gari lililetwa ambalo likilala siku mbili haliwaki. Mwenyewe alikuwa ameshanunua betri mpya na kubadilisha alteneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka. Siku hiyo fundi alikuwa na kazi nyingi, akanipa multimita, kile kipimo cha umeme, akasema, haya, hangaika nalo. Nikatoa waya wa hasi kwenye betri, nikaunganisha mita katikati. Mlango wa dereva niliuacha wazi ili nifikie fyuzi, lakini komeo lake nikalifunga kwa bisibisi ili gari lidhani mlango umefungwa. Nikasubiri dakika 40 mpaka kompyuta zake zilale. Mita ikabaki kwenye ampea 0.4. Nikaanza kuchomoa fyuzi moja moja. Nilipogusa ya taa za ndani, ikashuka hadi 0.03. Taa zote zilikuwa zimezima, nikashindwa kuelewa. Halafu nikakumbuka kile kisanduku cha dashibodi upande wa abiria. Nikarudisha fyuzi, nikaweka simu yangu ndani ya kisanduku ikiwa inarekodi video, nikafunga. Nilipoitoa na kutazama, taa ilikuwa inawaka muda wote. Swichi yake ilikuwa imevunjika. Mjomba, nilitetemeka kama niliyepata mtoto mwingine.

Wiki iliyofuata swichi ilikuja, tukaifunga na balbu mpya. Ile ya zamani, iliyokuwa imeingia weusi kwa kuwaka mchana na usiku, nikaitia mfukoni.

Sasa fundi ameniambia niache kazi, niende kwake kila siku kwa mwaka mmoja. Hatanilipa na mimi sitamlipa, na mwaka ukiisha nitakuwa fundi kamili. Nina akiba ya matumizi ya miezi mitano. Niache kazi? Kwa umri huu si nimechelewa? Na je, niende chuo au nibaki gerejini?

Kuna jambo moja zaidi. Mke wangu hajui lolote. Jumamosi zote hizi nimemwambia ni ovataimu. Juzi alikuwa anafua shati langu akaikuta ile balbu, akaniuliza ni ya nini. Nikamwambia ni ya stoo. Hakusema kitu. Akaiweka dirishani na mpaka leo iko pale.

Mshika Tochi

*

Marahaba, mpwa wangu Mshika Tochi.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilisoma habari za gari. Mara ya pili nikasoma habari za shati.

Nianze na gari, maana hapo nina neno jema. Kutafuta umeme unaovuja kunawashinda watu waliokaa gerejini miaka mingi. Hawashindwi kwa ugumu wake, wanashindwa kusubiri. Wanaunganisha mita, wanakuta namba kubwa kwa sababu kompyuta za gari bado ziko macho, wanaanza kuchomoa fyuzi ovyo, mwisho wanamwambia mteja anunue betri. Ndivyo mwenye gari lile alivyofanyiwa kabla hujamfikia. Balbu ya wati 5 kwenye umeme wa volti 12 inakula ampea 0.4 hivi. Kwa siku nzima inakuwa karibu ampea-saa 10. Betri ya gari dogo ina kama 45. Siku mbili zikipita, karibu nusu imeondoka, na stata inataka nguvu nyingi kwa mpigo mmoja. Hesabu yako inakubali kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ile akili ya simu ndani ya kisanduku hakuna aliyekufundisha. Kwa hiyo usiniulize tena kama unaweza. Unaweza.

Lakini kazi usiiache. Si sasa, na si kwa masharti hayo.

Piga hesabu kama ulivyopiga ya gari. Akiba yako ni ya miezi mitano, na fundi anataka 12. Miezi saba iliyobaki itabebwa na cherehani ya mke wako, ambaye hajui hata kwamba ameombwa kuibeba. Na huo mwaka mmoja wa kuwa fundi kamili, mimi siukubali. Ujerumani, ambako tangu 2003 ufundi wa mitambo na wa umeme wa magari umeunganishwa kuwa fani moja, kijana anafundishwa miaka mitatu na nusu, na analipwa posho muda wote huo. Simtuhumu fundi wako kwamba ana nia mbaya. Pengine naye alifundishwa hivyohivyo. Ila yeye alikuwa kijana asiye na karo ya mtu.

Sasa sikiliza, hili ndilo ninalotaka ulichukue kuliko mengine yote. Unataka kuingia gerejini kwa mlango wa mwanafunzi, ambao hauna mshahara, na umesahau kwamba una mlango wako mwingine. Wewe ni mtu wa stoo wa miaka 11. Gereji yoyote yenye mafundi watano sita na kuendelea ina shimo moja linalomeza fedha kila siku, nalo ni spea. Gari limepandishwa juu, breki zimefunguliwa, spea inafika siyo yenyewe. Fundi anakaa, gari linakaa, mteja anapiga simu. Gari la aina moja, la mwaka mmoja, linaweza kuwa na breki pedi za namna mbili kutegemea lilivyotoka kiwandani, na anayeagiza kwa kukisia atakosea. Anayeagiza kwa namba ya chasisi, zile herufi na tarakimu zake, anapata kilicho sahihi. Ulichokifanya miaka yote ni hicho hicho. Kujua kipi ni kipi, kiko wapi, kimebaki kingapi, nani amekichukua.

Tafuta kazi ya kutunza spea kwenye gereji kubwa, au ya kupokea magari na kuandika malalamiko ya wateja. Mshahara unaweza kushuka kidogo, na kiasi cha kushuka mnachoweza kuvumilia mkakipange nyumbani. Lakini utakuwa ndani. Utasikia magari 10 kwa siku yakielezwa na wenyewe, na jioni utajua kila moja lilikuwa na ugonjwa gani. Utaona bushi zilizoliwa, rejeta zilizoziba, mikanda iliyopasuka, na utazijua kwa mkono kabla hujajua kuzifunga. Kazi ikiisha, utamwomba fundi mmoja umshikie tochi. Nimeona watu waliopita njia hii. Wanachelewa kuliko aliyeacha kila kitu, lakini nyumba zao hazikutikisika.

Hiyo kazi haitapatikana kesho. Unapoitafuta, rudi kwa fundi wako kwa adabu, mwambie: Fundi, kila siku sitaweza, nitakupa Jumamosi zote na likizo yangu yote ya mwaka. Kazi nitakayoimaliza peke yangu bila wewe kuirudia, tugawane. Akikubali, huyo ni mwalimu. Akikasirika, basi alikuwa anatafuta mikono ya bure, na ni heri umejua mapema.

Tena usitake kujifunza gari zima kwa pamoja. Marekani kuna shirika la ASE linalowapima mafundi tangu 1972, na mtihani wake umegawanywa kwa fani. Breki mbali, injini mbali, umeme mbali, gia boksi mbali. Mtu anaweza kufaulu breki peke yake na akawa na kitu cha kuonyesha. Na hata baada ya kufaulu hawakupi cheti mpaka uwe na uzoefu wa kazi. Nakuambia hili ili uone kwamba hata walio na shule nyingi wanaula mkate huu kipande kwa kipande. Wewe anza na umeme wa gari. Umeshaonyesha mkono wako uko huko, na ni kazi isiyobomoa mgongo kama kushusha injini. Sevisi na breki ziwe za pili, kwa sababu ndizo zinazorudi kila mara na zinalipa matumizi ya nyumbani.

Ukishika umeme utashika na skana. Magari ya petroli yanayouzwa Marekani yana ile soketi moja ya kupimia tangu 1996, na ya Ulaya tangu 2001, kwa hiyo mashine ndogo tu, ndiyo skana yenyewe, inakusomea msimbo wa hitilafu uliohifadhiwa na kompyuta ya gari. Hapa vijana wengi wanapotea. Msimbo P0171, kwa mfano, unasema injini inapata hewa nyingi mno kwa mafuta yanayoingia. Hausemi ni kwa nini. Inaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka, sensa ya hewa iliyochafuka, au pampu ya mafuta iliyochoka. Asiyejua anabadilisha sensa ya oksijeni kwa sababu ndiyo iliyolalamika, na mteja analipa bure. Skana inakuonyesha mtaa, nyumba unaitafuta mwenyewe.

Swali la chuo. Nenda, lakini ya jioni au ya mwisho wa wiki, na uende ukiwa umeshachafua mikono, maana ndipo mwalimu anachosema kitakuwa na mahali pa kukaa. Kuna sehemu moja ambayo sikuruhusu kujifunza kwa kubahatisha. Magari ya haibridi na ya umeme, yale yenye nyaya nene za rangi ya chungwa. Betri ya Toyota Prius, gari lililoanza kuuzwa Japani 1997, ina zaidi ya volti 200, na magari ya umeme mengi yanafika 400, mengine 800. Hiyo haikupigi shoti ukaruka, inaua. Mpaka ufundishwe na upewe glovu zake na utaratibu wa kuzima, waya wa rangi ya chungwa usiuguse hata kama mteja anakuharakisha.

Umri. Miaka 38 si tatizo la akili, ni tatizo la magoti, na la jina. Magoti unayatunza: piga goti juu ya godoro, usinyanyue gia boksi peke yako, vaa glovu kwa sababu oili iliyotumika si rafiki wa ngozi, na usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki tu. Weka stendi, kisha litikise kabla hujaingia. La jina ni kwamba utafundishwa na kijana wa miaka 22, atakufokea mbele ya wateja, na nyumbani una mtoto anayemkaribia umri. Mwite fundi. Ukiweza kulitamka hilo neno bila kinyongo, nusu ya safari imekwisha.

Sasa nikueleze yangu, ndipo nije kwenye shati.

Mimi niliacha kazi ya ofisi nikiwa na miaka 33 na watoto wawili. Miezi tisa baadaye nilikuwa nachukua kazi za pembeni usiku ili nyumba iende. Kuna gari nililibadilisha mkanda wa taimingi peke yangu, kwa tochi iliyokuwa inafifia. Alama za puli nilikosea meno matatu. Ukifunga mkanda unatakiwa uizungushe injini kwa mkono, kwa spana, mizunguko miwili mizima, taratibu, ukisikiliza. Ikigoma unasimama, hakuna kilichoharibika. Nilikuwa nimechoka, nikawasha kwa ufunguo. Ilikuwa injini ya aina ambayo valvu na pistoni zinapishana kwenye nafasi ileile kwa zamu, na zamu ikikosewa zinagongana. Nilisikia mlio mmoja mfupi, kama mtu amevunja ukuni ndani. Silinda hedi ilishuka, valvu zikanunuliwa, gasketi, na mkanda mwingine. Fedha nilizolipia zilikuwa karo ya muhula ule. Nyumbani nilisema mteja amechelewa kulipa.

Ilichukua wiki sita mke wangu kujua, na hakujua kwangu. Alijulia shuleni, mtoto aliporudishwa. Valvu zile nilishazisahau bei. Sura yake siku ile sijaisahau.

Kwa hiyo unapopanga fedha, usipange akiba moja. Tenga ya kuishi, na kwa watoto watatu nisingekubali ipungue miezi minane. Tenga ya vifaa, lakini ndogo: nunua spana kadiri kazi inavyokudai, usikope kabati zima la vifaa kwa sababu linang'aa. Multimita nzuri, stendi mbili imara, seti ya spana na soketi, na spana ya kupimia nguvu ya kukaza vinatosha kuanzia. Halafu tenga fedha ya makosa. Hii hakuna aliyeniambia. Utaharibu kitu cha mtu. Boliti itakatika ndani, kioo kitapasuka, mkanda utakosewa. Fundi mwenye fedha ya makosa anamwita mteja na kumweleza ukweli palepale. Asiyekuwa nayo anaanza kudanganya, na uongo wa gerejini na wa nyumbani ni uleule, unahama tu.

Nimefika kwenye balbu.

Mpwa wangu, mke wako anajua kuna kitu. Mtu hakuti balbu yenye weusi kwenye shati la mumewe, akaiweka dirishani mahali kila mtu anapita, kwa bahati mbaya. Na mume anayekuwa kwenye ovataimu kila Jumamosi kwa miezi minne, mshahara usiongezeke, yeye anayepanga bajeti ameshaliona hilo zamani. Sijui anawaza nini. Lakini katika yote anayoweza kuwa anawaza, gereji ndiyo nafuu kuliko zote, na wewe unamnyima nafuu hiyo.

Unamwogopa kwa sababu unadhani atakataa. Inawezekana. Ila fikiri kidogo huyo unayemficha ni nani. Ni fundi. Ndani ya nyumba yako yeye ndiye peke yake aliyewahi kujifunza kazi ya mikono na kuishi nayo. Anajua muda uliopita kati ya pindo lake la kwanza lililopinda na siku mteja alipolipa bila kunung'unika. Anajua kitambaa cha mtu kilichokatwa vibaya kinavyolipwa. Anajua mwezi mkavu unavyoanza. Maswali unayoniuliza mimi kwa barua ulipaswa kumuuliza yeye, mkiwa mmekaa.

Usiende na uamuzi. Ukienda na uamuzi atakuwa hakimu, na wewe mshtakiwa. Anza na uongo kwanza, uutaje kwa jina lake, Jumamosi zote, bila kusema nilikuwa nataka kukushangaza. Kisha nyamaza umwache akasirike kadiri anavyotaka, hata ikichukua siku mbili. Gari uliliachia dakika 40 lilale, na mama watoto mwachie. Hesabu zije baadaye: akiba, karo za mwaka, kiasi gani mshahara unaweza kushuka kabla nyumba haijaumia, na nini kitatokea ukiumia mkono. Hilo la mwisho atakuuliza tu, na lina haki ya kujibiwa kwa bima au kwa akiba, si kwa Mungu atasaidia.

Akisema subiri mwaka mmoja, subiri. Jumamosi hazikuzuii kuwa fundi, na safari hii zitakuwa na jina lake halisi.

Leo usiku watoto wakishalala, itoe ile balbu dirishani, iweke juu ya meza ya cherehani yake, umweleze ilivyokuwa inawaka ndani ya kisanduku kilichofungwa.

Mjomba wako